Saa ya Nakonde

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia uwanja, nikamsaidia Mama kubeba mchele hadi kwenye meza yake sokoni, halafu nikairekebisha saa ya simu yake. Kazi hiyo ya mwisho mtu wa mbali anaweza kuicheka. Sisi wa Tunduma hatuicheki. Nakonde ya Zambia iko ng'ambo ya mpaka tu, unaweza kuvuka kwa miguu, na kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya Mama ilikuwa na laini mbili, ya huku na ya kule, kwa ajili ya wateja wake Wazambia. Ikinasa mnara wa Nakonde, ilijirudisha nyuma saa nzima bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana hapa kwetu mtu akikuambia mkutane saa nne, unamuuliza kwanza, "Saa nne ya wapi?"

Mama hakujua pa kubonyeza. Mimi nilijua. Nilikuwa darasa la sita, na kazi hiyo ilinipa kiburi kidogo, nisiwafiche. Mama alikuwa akiniita tu, "Priska, iko sawa?" Nikisema iko sawa, basi, hakuuliza tena.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Mama alikuwa anaoga akagusa kitu kigumu kwenye titi lake la kushoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya harage, na hakikuuma. Kwa sababu hakikuuma, alitaka kukiacha. Shangazi Nesta, dada yake Baba anayeishi Hasamba, karibu na Vwawa, ndiye aliyemkokota mpaka hospitali ya rufaa Mbeya. Wakamtoa kinyama kidogo, wakakipima. Majibu yakasema ni saratani ya matiti. Daktari alimwambia kuwa bado ni ndogo na inatibika, ila afanyiwe upasuaji haraka. Akampangia Jumanne ya katikati ya mwezi wa tatu, afike saa tatu kamili asubuhi.

Nyumba yetu ikabadilika. Mama aliendelea kuuza mchele, lakini akawa anasahau chenji za watu. Baba ni dereva wa lori la mizigo, na siku hizo alikuwa Ndola, ndani ya Zambia. Alipiga simu mara tatu kwa siku akiuliza, "Mmekula?" kana kwamba ugonjwa wa Mama ulikuwa njaa. Mimi niliambiwa tu kwamba Mama ana kauvimbe. Neno lenyewe nililisikia Shangazi akilinong'ona jikoni, na hakuna aliyejua kwamba nimelisikia.

Siku moja sokoni nilirudi na ndoo ya maji, nikamkuta Mama Brenda akizungumza na wenzake. Huyu ni jirani yetu wa meza ya dagaa, mama mwenye huruma, na machozi yake yako karibu.

"Mwambieni Mama Priska asikubali kukatwa," alisema huku akijifuta kwa kanga. "Ule ugonjwa ukiguswa na kisu tu, unasambaa mwili mzima. Mama yangu mdogo alikwenda anatembea, akarudi kwenye sanduku."

Nilisimama nyuma yao na ndoo yangu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, wakati kila mtu mzima nyumbani kwetu alikuwa anajifanya hakuna kitu?

Jumatatu jioni Mama alifunga begi. Mpango ulikuwa aamke saa kumi na nusu, apande basi la saa kumi na mbili kamili alfajiri. Shangazi Nesta angelisubiri basi hilohilo Vwawa, waende pamoja. Mama akanipa simu niweke kengele. Wakati ule redio ya jirani ilianza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikaitazama simu. Ilikuwa imeandika saa moja.

Dole gumba langu lilikuwa tayari pale pa kubonyeza. Nikalifikiria lile sanduku.

"Priska, iko sawa?" Mama aliita kutoka chumbani.

"Iko sawa, Mama."

Kengele ililia asubuhi, kwa saa ya Nakonde. Mama akaoga, akaketi kitandani kujipaka mafuta. Mara msikiti wa karibu na kwetu ukaanza adhana. Mama alitulia kidogo, viganja vyake vikiwa na mafuta.

"Leo wameadhini mapema," alisema, akaendelea kujipaka, mguu mmoja, kisha wa pili.

Mimi niliinama nikajifanya nafunga zipu ya begi.

Tulipofika stendi kulikuwa kumeanza kupambazuka na basi lilikuwa limeondoka zamani. Mpiga debe mmoja alicheka alipoiona simu ya Mama. "Mama, hiyo simu yako imelala Zambia! Lakini panda Costa hii hapa, haijajaa. Saa tatu na nusu uko Mbeya."

Mama aliitazama ile Costa. Akatazama foleni ya malori yaliyojipanga kuelekea mpakani. "Hapana," alisema. "Waliniambia saa tatu kamili. Nitakuta wameshafunga orodha."

Akageuka. Nilibeba begi nikamfuata, na nilikuwa na furaha. Nasema kama ilivyokuwa: nilitembea na furaha kifuani kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Shangazi. Sauti yake ilisikika mpaka nje. "Wifi! Nimesimama barabarani Vwawa, baridi inanitafuna, basi limepita wewe humo haumo! Uko wapi?"

"Simu imetudanganya, wifi," Mama alijibu. "Imekwenda saa ya Nakonde."

Jambo lile lingeishia hapo ningekuwa na amani. Halikuishia hapo. Jumapili akina mama wa kanisani walimwuliza safari ilikuwaje, naye akawaambia, "Mungu akitaka kukuzuia njia, hata saa anaigeuza." Wakaitikia amina. Jioni akamwambia Baba kwenye simu, "Hii ni ishara, Baba Priska. Sitakwenda." Baba akauliza kama tumekula.

Furaha yangu iliishia hapo. Nilijua kwamba haikuwa ishara. Mungu hakuwepo katika jambo lile. Niliyeishika simu nikadanganya ni mimi. Kadi ya hospitali Mama aliichomeka ndani ya Biblia, na kila Shangazi alipomsihi, alijibu kwamba atakwenda baada ya mavuno. Wiki ya tatu nikaona ananyanyua debe la mchele kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto, upande wa uvimbe, ameubana ubavuni.

Mwezi wa nne nesi mmoja, Nesi Mariam, alikuja shuleni kwetu kuwachanja wasichana chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tulipanga mstari, wengine wakilia kabla hata ya kuiona sindano. Alipomaliza alituuliza kama kuna swali. Nilinyoosha mkono, pamba bado nimeibana begani.

"Shikamoo, nesi. Mtu mwenye saratani ya titi akikatwa na kisu, inasambaa?"

Wenzangu walicheka kusikia neno titi. Nesi Mariam hakucheka.

"Marahaba, mwanangu. Hapana, kisu hakiisambazi. Inasambaa kwa sababu ya kuchelewa. Wengi wanakuja hospitali wakati imeshafika mbali, na wakifa, watu wanakilaumu kisu. Wanaokuja mapema, wengi wanapona na kulea wajukuu." Wenzangu walipotawanyika alinisogelea. "Nani amekutuma kuuliza?"

"Hakuna."

"Haya. Huyo ambaye hakukutuma, mwambie aende wiki hii."

Nilikwenda nyumbani mbio. Mama alikuwa uwanjani anapepeta mchele. Nilisimama mbele yake bila hata kumwamkia, nikasema yote kwa pumzi moja. "Mama, ile saa haikuwa sawa. Niliiona jioni ile uliponiuliza. Nilikudanganya. Si Mungu aliyeigeuza, ni mimi."

Ungo uliruka mara mbili zaidi mikononi mwake, kisha ukatulia. "Kwa nini?"

"Mama Brenda alisema ukikatwa utarudi kwenye sanduku."

Mama aliweka ungo chini. Nilifumba macho nikangoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua macho, alikuwa amekaa chini, kwenye mchanga, bila mkeka.

"Niliisikia adhana," alisema polepole. "Miaka kumi na mitano naishi karibu na msikiti ule. Sijawahi kuwasikia wakiadhini saa kumi na moja kasoro. Nilijua saa imekosea, Priska. Ningekuambia tukimbie, tungeliwahi basi. Nikajipaka mafuta. Na ile Costa ilikuwa na nafasi, niliziona siti kwa macho yangu."

"Kwa hiyo haikuwa ishara?"

"Haikuwa. Tulimsingizia Mungu, mimi na wewe."

Halafu akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia. Nikakaa chini naye, nikalia pia, na kuku wa jirani wakaja wakala mchele kwenye ungo, wala hakuna aliyewafukuza.

Alipojifuta uso aliniagiza nilete kadi. Nikamsomea namba, akapiga. Akapewa tarehe nyingine ya mwanzoni mwa mwezi wa tano. Safari hii Shangazi Nesta alikuja kulala kwetu kabisa, akisema hana imani tena na simu za Tunduma. Baba aliliacha lori kwa mwenzake huko Kapiri, Zambia, akaja. Alimkuta Mama jikoni, akaanza, "Umeku..." kisha akashindwa kumaliza, akamkumbatia mbele yetu sote.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alimwambia Baba kuwa uvimbe ulikuwa umeongezeka, na ugonjwa ulikuwa umegusa tezi moja ya kwapani, kwa hiyo Mama angehitaji dripu sita za dawa kali. Hakusema kama ni kwa sababu ya zile wiki tulizopoteza. Mimi sikumwuliza, na hadi leo sijamwuliza.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Nywele za Mama zilikatika zikaisha. Akirudi kutoka Mbeya alitapika siku mbili, harufu ya mafuta ya kukaangia hakuitaka kabisa. Baba alipika ugali wenye madonge, tukaula bila kumcheka sana. Jumamosi niliuza mchele mimi, na Mama Brenda alinilindia meza nikienda chooni. Alikuja pia nyumbani kila wiki kutufulia. Nilimweleza maneno ya Nesi Mariam, akasema kwamba mama yake mdogo alikaa na uvimbe miaka miwili kabla ya kwenda hospitali.

Kitu kimoja tu Mama alikuwa bado anakificha. Akibadili nguo aligeukia ukutani. Mimi nami nilitazama pembeni. Mpaka mchana mmoja aliniita chumbani.

"Funga mlango. Njoo hapa." Akakishusha kitenge chake. "Angalia."

"Naogopa, Mama."

"Najua. Hata mimi wiki mbili za kwanza sikuweza kujiangalia. Angalia tu, tuogope pamoja."

Nikaangalia. Upande wa kushoto palikuwa bapa, na kovu refu lilipita kutoka katikati ya kifua hadi karibu na kwapa. Mama aliushika mkono wangu akauweka pale. Ngozi yake ilikuwa na joto, kama ngozi ya mtu yeyote.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Wewe uliogopa. Mimi niliogopa. Baba yako naye aliogopa, akawa anauliza habari za chakula. Kosa letu ni kwamba kila mmoja aliogopa peke yake, akadanganya ili mwenzake asijue. Wewe ukasema saa iko sawa, mimi nikasema ni ishara. Ungeniuliza siku ile kama nitakufa, na mimi nikakujibu kweli, tungekwenda tunatetemeka lakini tungefika. Ukiogopa kitu, kiseme. Na ukiona uvimbe mwilini mwako, au mtu akikuambia anao, usingoje uume. Sema siku hiyohiyo."

Basi nikauliza, kwa sababu swali lile nilikuwa nalo tangu mwezi wa pili. "Mama, utapona?"

"Sijui bado. Daktari anasema naendelea vizuri. Zimebaki dripu mbili, halafu watanipima. Wakinipa majibu, yawe mazuri au mabaya, wewe utaambiwa siku hiyo, sitakuficha."

Mwezi wa kumi na moja alikwenda Mbeya na Shangazi kuchukua majibu. Mchana simu ya Baba ililia tukiwa tunakula. Baba alisikiliza kidogo, akanigeukia. "Anakutaka wewe kwanza," alisema, akaninyooshea simu.

Niliiweka simu sikioni. Kwa nyuma nilisikia magari ya Mbeya na Shangazi Nesta akiimba pambio kwa sauti kubwa, hajali watu.

"Priska," Mama alisema, "wamenipima kila mahali. Hawajaona kitu."

Nikamgeukia Baba nikamwambia, "Hawajaona kitu," ndipo nikamrudishia simu.