Mama Kendi na Kigari cha Mbio

"Mama Kendi, lile gari la Clio nimeshaliuza," Jaspreet alisema kwenye simu. "Pole sana. Mzee wako alinipigia Jumanne, akasema umebadilisha mawazo."

Magdalene aliacha kufunga vifungo vya sare yake ya uuguzi.

"Mzee wangu yupi?"

"Bethuel. Si ndiye mlikuja naye kuiona? Si mnaoana?"

"Nilidhani hivyo."

Jaspreet, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, aliuza magari yaliyotumika mtaa wa Sparkbrook, huku ughaibuni, na hakuwa na sababu ya kumdanganya. Kwa wiki kadhaa Magdalene alikuwa akitafuta gari dogo la zamani, la bei nafuu, la kuendesha kwa kasi katika uwanja wa mbio, siku zile ambazo mtu yeyote mwenye leseni hulipia na kuruhusiwa kuendesha humo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mjane, na jambo hilo alilitamani tangu akiwa msichana Meru, akisimama vumbini kutazama magari ya rally yakipita.

Alimtumia Bethuel ujumbe: "Pitia kwangu ukitoka kazini. Usitegemee chakula."

Bethuel, dereva wa basi na mgane, alifika nyumbani kwake mtaa wa Newtown akiwa bado na koti la kazi.

"Umeongea na Jaspreet," alisema akiwa mlangoni.

"Ameongea yeye. Sasa nakungoja wewe."

"Mama Kendi, niliona ni kwa faida yako. Gari la zamani, na kasi ile. Wewe ni mama mtu mzima. Kanisani watasemaje?"

"Kanisa liache. Umesema uongo kwa jina langu."

Bethuel alikaa, akainamia mikono yake.

"Niliogopa."

"Ungeniambia unaogopa, ningekusikiliza."

"Mke wangu, Mama Achieng, alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akiendesha mwenyewe. Mchana nikaitwa hospitali. Siwezi kukaa tena kwenye viti vile vya kungojea, Magdalene. Siwezi."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Magdalene alilainika moyo, lakini hakurudi nyuma.

"Kwa hilo nakupa pole kwa moyo wangu wote. Lakini mume wa kunifungia milango kisiri huku akiniita mpenzi, huyo simtaki. Nimeishi peke yangu nikaona naweza. Nenda ukafikirie. Jumamosi mimi natafuta gari lingine."

Bethuel aliondoka. Magdalene alilia kidogo kwenye sinki la jikoni, akanawa uso, akaenda kazini zamu ya usiku.

Jumamosi alimkuta Jaspreet na magari mawili: moja jekundu linalong'aa, na Fiesta ya kijivu yenye mlango uliokwaruzika. Magdalene alikuwa amepiga magoti akimulika chini ya Fiesta kwa simu aliposikia sauti anayoijua.

"Jaspreet, siku ile nilikudanganya. Huyu mama hakubadilisha mawazo. Ni mimi niliyeogopa. Nisamehe."

"Mimi gari lilinunuliwa, sina kinyongo," Jaspreet alijibu. "Mwombe yeye."

"Nimemkosea, najua. Mama Kendi, sikuja kukuzuia."

Magdalene hakuinuka.

"Unalionaje lile jekundu?"

"Linapendeza."

"Limepambwa tu. Tairi zimekwisha, na chini kumejaa kutu. Hili ni jepesi, chini ni safi, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Mlango uliokwaruzika utanizuia kukata kona?"

"Hautakuzuia."

"Basi panda tulijaribu."

Alilijaribu barabarani, akasikiliza injini, akapima breki, akanunua.

"Kabla ya uwanjani tutaweka breki mpya," alisema.

"Tutaweka?"

"Umesikia."

Siku ya uwanja, Magdalene alizunguka kwanza na mwalimu. Kisha Bethuel akaomba mwenyewe kuingia, helmeti ikimbana masikio. Kona ya kwanza alifumba macho. Ya tatu akayafumbua. Waliposimama, Magdalene alizima injini.

"Uko sawa?"

"Bado naogopa."

"Najua."

"Lakini nimeuona uso wako. Siku niliyokuchumbia hukuwa na furaha hivyo."

"Siku ile ulikuwa unaongea kama mtu anayesoma tangazo."

"Basi niongee vizuri leo. Nakupenda. Nikiogopa nitakuambia wewe, sitampigia mtu mwingine. Utakubali kuolewa na mwoga?"

Magdalene alivua glavu, akamshika mkono.

"Mwoga anayesema ukweli, nitakubali. Ila harusi iwe mwezi wa saba. Wa sita nimeshalipia uwanja."

Bethuel alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwezi wa saba wakaoana.