Kiganja cha Chumvi

Kila Jumamosi Zamzam aliamka alfajiri kumsaidia mama yake, Hajira, kukanda unga wa chapati. Mama akishatoka na beseni lake kwenda kuuza Mnazi Mmoja, yeye alifagia chumba chao cha kupanga Kariakoo na kuosha vyombo. Jumamosi hii alikuwa na kazi moja zaidi: kumwangalia mjomba Bakili, mchukuzi wa mizigo sokoni, aliyekuwa akiharisha tangu juzi.

"Mchanganyie maji ya chumvi na sukari," mama alisema mlangoni. "Si mmefundishwa shuleni?"

"Ndiyo, mama."

Walifundishwa kweli, ila vipimo alikuwa amevisahau, na aliona haya kusema. Akapima kama mama anavyopima kwenye sufuria ya wali. Kiganja kizima cha chumvi kikaingia kwenye jagi.

Bakili alikunja uso. "We Zamzam, umechota baharini?"

"Dawa haiwi tamu, mjomba. Na usinywe maji mengine, utaiharibu."

Bakili alimaliza jagi. Kiu ikazidi, akapewa la pili.

Adhuhuri midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na alimwita Zamzam kwa jina la marehemu bibi. Ghafla aliinuka, akamsukuma binti ukutani, akatoka mbio.

Mtaani, Seifu alikuwa akiuza maji ya chupa. Bakili alinyakua chupa. Seifu alipomshika shati kwa nyuma, alipigwa ngumi ya mdomo, damu ikaruka.

"Mwizi!" Seifu akapiga kelele. "Mwizi!"

Watu walimiminika. Mateke yalimshukia Bakili mbavuni, mbao za makasha ya nyanya zikamvunjikia mgongoni. Mmoja alimkanyaga mkono. Uso ukafunikwa na damu.

"Mvunjeni miguu!"

"Leteni tairi!"

Zamzam alipenya katikati ya miguu yao, akamlalia mjomba wake. Ubao ukamtua begani.

"Toka hapo, binti, utaumia!"

"Si mwizi! Ni mjomba wangu Bakili! Anaumwa!"

Seifu aliinama, akamtazama vizuri yule mtu chini. "Acheni! Jamani, acheni! Huyu ndiye anayenibebea maji kila asubuhi!"

Mikono ilishuka mmoja mmoja. Watu wakaondoka bila kutazamana.

Seifu akasimamisha bajaji, wakampakia. Njiani Bakili alikakamaa, akaanza kutetemeka mwili mzima. Hospitalini, Daktari Athanas alimpima haraka. Mama alikuwa amefika, akilia.

"Kichwa kimepigwa sana," daktari alisema. "Lakini alianza kuchanganyikiwa kabla ya kipigo. Alikunywa nini?"

"Maji ya chumvi na sukari tu," mama alijibu.

Zamzam alitazama kiganja chake.

"Niliweka kiganja," alisema. "Kiganja kizima cha chumvi. Mara mbili. Nilisahau vipimo."

Mama aliinua mkono kumpiga. Daktari akasimama katikati yao. "Mama, leo wamepigwa wa kutosha."

Damu ilipopimwa, chumvi ilikuwa imezidi mno.

"Chumvi ikizidi kwenye damu, huvuta maji kutoka kwenye ubongo," daktari aliwaeleza. "Mtu huchanganyikiwa, hata huwa mkali. Tutayarudisha maji polepole, maana tukiharakisha, ubongo utavimba. Umenipa njia, Zamzam."

Siku ya tatu Bakili alifumbua macho. Seifu alikuwa kando ya kitanda, mdomo umevimba.

"Mambo, bondia?"

"Poa. Nimekupiga mimi?"

"Jino linacheza hili." Seifu akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Bakili, aliyeita mwizi ni mimi. Sikuuliza hata ni nani."

Daktari alimkabidhi Zamzam kijiko kidogo. "Lita moja ya maji safi. Sukari vijiko sita vilivyosawazishwa. Chumvi nusu kijiko, basi. Ukisahau, uliza. Swali lingekuchukua dakika moja. Kuona haya kuuliza kulikaribia kumuua mtu. Ila hapa ulisema kweli huku unaogopa, na kweli hiyo ndiyo iliyotusaidia kumtibu."

Zamzam alimimina maji kwenye kikombe. Bakili aliyanusa kwanza.

"Matupu?"

"Matupu, mjomba."

Akanywa.