Dalili za Mpangaji

Nyumba ile haikuwa na kafuri hata chembe, na bado asubuhi hiyo ukumbi ulinuka kafuri kama sanduku la nguo za marehemu. Mwandishi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akanusa tena, akajiambia ni mabomba ya jirani. Alikuwa na shahada ya fasihi ukutani, na wenye shahada wakikosa maelezo humsingizia fundi bomba.

"Chiriku, umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu," mdogo wake alijibu kutoka jikoni, alikokuwa akiosha vyombo na kuimba, maana hakujua kufanya moja bila lingine. "Labda ni yule maiti wako kaanza kuoza."

Maiti mwenyewe alikuwa Chiriku. Katika riwaya ya upelelezi ambayo dada mtu alikuwa akiiandika upya, msichana anayeimba huku akiosha vyombo anakutwa stoo amekufa, na kila aliyesoma mswada alimtambua. Chiriku alijivunia. "Ukiniua, niue nimesuka," ndilo lililokuwa shauri lake pekee la kifasihi.

Aliyeleta shida ni muuaji. Mwanzoni alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Mhariri akasema huyo anaonekana kutoka mbali, afutwe, kazi ya kuua apewe wakili. Mwandishi akatafuta jina la mpangaji kwenye kompyuta, sura baada ya sura, akalifuta kila lilipojitokeza. Kompyuta ilipomwambia hayupo tena, akapiga miayo, akautuma mswada.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la kikazi. Dalili alizozipanda ili mpangaji aje ashukiwe hazikuwa na jina lake ndani, kwa hiyo zikabaki: harufu ya kafuri ukumbini, kisha kandambili moja iliyolowa, ya mguu wa kushoto, kisha sauti ya dada mtu, imeigizwa sawasawa, ikiita kutoka stoo: *Mdogo wangu, njoo unishikie taa.* Sentensi hiyo alikuwa ameiandika na kuifuta mpaka ikawa tamu kama asali. Msichana anaitika, anakwenda, na hadithi inaendelea bila yeye.

Mwandishi hakukumbuka hayo mpaka adhuhuri, alipokanyaga maji ukumbini na kuikuta kandambili ya kiume, kubwa, kuukuu, katika nyumba ambamo hajalala mwanamume tangu baba yao azikwe, nayo ilikuwa ya kushoto, ikichuruzika taratibu kana kwamba mguu umetoka ndani yake sasa hivi na bado umesimama kando, ukisubiri aliyeandika ajue yanayofuata.

Alijua. Alikuwa ameyaandika mwenyewe.

Alimleta mganga kwa aibu, kupitia mlango wa nyuma. Mganga alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, asiye na hirizi wala mbwembwe. Alinusa ukumbi, akaitazama kandambili bila kuigusa, akasikiliza kisa chote cha kitabu huku akipiga chafya.

"Sasa mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "umejenga nyumba, ukamtoa mtu, ukaacha viatu vyake mlangoni na harufu yake ukumbini. Wako wanaotembea wakitafuta pa kuingia. Huyu amekuta nguo zimetandikwa, amevaa tu."

"Ni hadithi, mama. Hakuna mtu pale."

"Ndiyo nakwambia. Hakuna mtu."

"Nifanye nini?"

"Zifute zote, kwa mkono wako. Atakosa cha kuvaa. Na kitabu kisije kikatoka nje vile kilivyo." Akageukia jikoni. "Wewe unayeimba, dada yako akikuita, usiitike mpaka umwone uso."

"Akiniita huwa ananituma," alisema Chiriku, akija kuketi nao mezani. "Kutoitika nitaweza."

Lakini mkono wake ulitafuta ule wa dada yake chini ya meza.

Mwandishi akafuta kafuri. Akafuta kandambili. Ile sentensi tamu ilimuuma, akaifuta pia, akautuma mswada upya na kumsihi mhariri autumie huo tu. Kufikia jioni ukumbi ulinuka sabuni na vumbi kama zamani, na mahali pa kandambili palikuwa pakavu. Wiki zikapita. Chiriku akarudi kuimba. Agizo la mganga likageuka mzaha: akiitwa, huchungulia kwanza na kusema, "Leta uso."

Kisha mchana mmoja likaja boksi la nakala za mwandishi, zikinuka wino, na juu yake kikaratasi cha mhariri. *Ulisafisha mno, dada. Nimezirudisha zile dalili tatu. Wasomaji watapenda fumbo lisilo na jibu. Kitabu kiko madukani tangu jana.*

Alifungua kitabu ukurasa ule, sentensi ikamtazama, nzuri kuliko alivyoikumbuka, na kadiri alivyoisoma ndivyo harufu ya wino ilivyolegea na kafuri kupanda kutoka kwenye kila nakala ndani ya boksi, ikampanda puani na kooni, na nyuma yake ukumbini akasikia kitu chepesi, kilicholowa, kikiwekwa chini kwa adabu, naye akawaza nakala zote zilizokwisha kuuzwa, kila moja mlango, na jinsi asivyoweza kuzifuta.

Jikoni bomba lilifungwa. Wimbo ukakatika katikati.

"Abee, Dada," alisema Chiriku. "Taa gani tena mchana huu? Haya, nimekuona, nakuja."

Mwandishi alifungua mdomo amzuie. Haikutoka hata pumzi. Sauti yake ilikuwa stoo, ikicheka kidogo, ikimwambia mdogo wake aangalie asiteleze.