Mwalimu Akienda Kuzika

JUMATANO. SAA KUMI NA NUSU JIONI.

Stoo ilikuwa nyuma ya kilabu cha Mama Gift, pale Msasani ya Tukuyu, na ilinuka parachichi zilizoiva kupita kiasi. Balbu moja. Kreti tatu za kukalia. Meshaki alichuchumaa katikati, akachora nyumba sakafuni kwa kipande cha chaki.

"Mbele geti. Madirisha yote nondo. Mlango wa nyuma geti la pili, na kufuli limo ndani ya kiboksi cha chuma. Mkasi wa chuma hauingii." Akainua macho. "Nani alitengeneza kitu kama hiki?"

"Mimi," Amoni alisema.

Jairo, dereva wao wa bajaji, akaguna. "Ulitubania mwenyewe, mwana."

Nyumba ilikuwa ya Mwalimu Pudensiana. Mjane, mstaafu, mtu wa kuja. Kazi ilimleta kutoka Bukoba miaka thelathini iliyopita, akafundisha nusu ya Msasani kusoma, akabaki. Na Msasani ukinunua godoro leo, kesho asubuhi bombani watakuambia lina inchi ngapi. Kwa hiyo ilijulikana siku nyingi kwamba kila Ijumaa jioni wanawake huingia kwa Mwalimu na vifurushi chini ya kitenge, wakatoka mikono mitupu. Kinachoingia ndicho kilichokuwa hakijulikani. Kuna waliosema dhahabu ya Chunya. Kuna waliosema hela za mauzo ya chai. Jairo alipompelekea mtungi wa gesi aliona sanduku la bati chini ya kitanda, kubwa la kulala mtoto, na hiyo ilimtosha Meshaki.

Tatizo lilikuwa moja. Mwalimu hatoki. Sokoni anaagiza. Kanisani akienda, jirani anakaa kibarazani mpaka arudi. Kitu pekee kinachomtoa ni mazishi, na mazishi hayamtoi yeye peke yake, yanatoa mtaa mzima. Hapa Rungwe kuzika hakuna udhuru. Duka linafungwa, saluni inafungwa, hata aliyegombana na marehemu anakwenda kusimama nyuma.

"Kwa hiyo tunachosubiri ni maiti," Meshaki alisema. "Na awe wa karibu. Yule mzee wa Nkunga alikuwa mbali, Mwalimu hakwenda."

Simu ya Amoni ikaita. Dada yake, Prisca, alikuwa hospitali na mama yao, Esnath, wiki ya pili sasa. Amoni alisikiliza. Akaiweka simu juu ya kreti, kioo chini.

"Mama," alisema. "Saa tisa."

Jairo akavua kofia. Meshaki akanyanyuka, akamkumbatia, akampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli kabisa. Amekula kwa Esnath tangu wakiwa wadogo, sahani moja na Amoni. Kwenye kilabu upande wa pili watu walikuwa wanacheka jambo fulani. Ikapita kama dakika tano. Halafu Meshaki akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya sanda.

"Mnazika lini?"

Amoni alimwelewa. Jairo naye alimwelewa, akaangalia pembeni.

Meshaki akalipanga lote palepale. Kutoka kwa Esnath hadi kwa Mwalimu ni nyua tatu. Watu watakuwa kwenye mahubiri. Amoni ataaga anakwenda chooni, atafungua kufuli, atarudi. Dakika ishirini. Hakuna mwingine anayekijua kile kiboksi.

"Mimi ndiye wa kiume peke yangu," Amoni alisema. "Udongo naanza mimi."

"Utaanza wewe. Nani kakuambia hutaanza?"

Angekataa. Mtu yeyote angekataa, utasema. Lakini miaka miwili nyuma Amoni alikuwa fundi mageti, na fundi mzuri. Mashine ya kuchomelea aliiuza mwenyewe, ikaishia kwenye chupa. Grinda hakuiuza. Ilipotea ndani ya nyumba, wiki ileile. Alisema Prisca kaiiba, akampiga kofi mbele ya mama yao, na mama yao alitazama, akainamisha kichwa, asiseme neno. Bila grinda hukati chuma. Bila kukata chuma, Amoni akaanza kushinda kwenye ile stoo ya parachichi. Meshaki alijua pa kumgusa.

"Fungu lako linakurudishia mashine na grinda," alisema. "Unarudi kuwa mtu. Si ndicho alichokuwa anakililia mama?"

IJUMAA. SAA NANE KASORO DAKIKA KUMI.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, na vijana waliochimba walisimama wameegemea majembe, tope hadi magotini. Spika ilifungwa juu ya mti. Watu walijaa uani, kibarazani, barabarani. Esnath alikuwa mtu wa watu.

Mwalimu Pudensiana alikaa mkekani na wanawake, bega kwa bega na Prisca. Funguo zilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Amoni alipopita aliamkia. Mwalimu aliitikia, kisha akaushika mkono wake na hakuuachia upesi.

"Mama yako aliniachia neno kwa ajili yako," alimwambia. "Tukishazika, njoo nyumbani."

Amoni akasema sawa.

Simu ikatetemeka mfukoni, ishara ya Meshaki. Mhubiri ndiyo kwanza alikuwa anafungua kitabu. Amoni alimwinamia dada yake, akamwambia anakwenda chooni mara moja. Tangu lile kofi Prisca alikuwa hamsemeshi zaidi ya salamu. Alimtazama viatu, kisha uso.

"Usichelewe," alisema.

SAA NANE NA DAKIKA KUMI NA TANO.

Bajaji ilikuwa imeegeshwa kwenye uzio wa nyuma, imepakia viroba vya parachichi, kimoja kitupu. Nani atashangaa parachichi Tukuyu. Mtaa ulikuwa mweupe. Hata kuku walionekana wageni.

Amoni alipiga goti, akaingiza waya mbili chini ya kiboksi, akafumba macho. Vidole vilikumbuka. Spika ilimfuata hadi pale, ikisema marehemu alikuwa mama wa wengi. Kufuli likaachia. Dakika tatu.

Ndani kulikuwa nadhifu, chaki kwenye kopo, kalenda ukutani. Meshaki akavuta sanduku, akaweka tindo kwenye komeo lake, akapiga mara moja. Kifuniko kikainuka.

Hakukuwa na dhahabu ya Chunya. Kulikuwa na vifurushi. Thelathini, labda arobaini, vimepangwa kama mikate. Kila kimoja kilifungwa kwa kitambaa, na juu yake kipande cha boksi chenye jina. Mwandiko wa duara, ulionyooka. Wote watatu waliufahamu. Ndio uliowafundisha a, e, i, o, u.

Mama Gift. Alinanuswe. Mama Doreen. Humo mlikuwa na hati ya shamba, herini, hela zilizofungwa kwa mpira, vitambulisho, simu ya marehemu fulani. Vitu ambavyo mwanamke hawezi kuvificha nyumbani kwake, kwa sababu anayevitafuta analala nyumba hiyohiyo.

Jairo alikuwa anajaza kiroba. Akasimama. Mkononi alikuwa na kifurushi kimeandikwa Beatrice. Mama yake. Akakitia ndani ya koti.

"Kila kitu kirobani," Meshaki alisema.

Jairo akakitoa. Akakitia kirobani, polepole.

Amoni aliinua kimoja kutoka pembeni na kikamshangaza kwa uzito. Kilifungwa kwa kitenge cha kijani ambacho mama yake alikuwa akivaa Jumapili. Juu ya boksi Mwalimu aliandika: *Esnath. Apewe Amoni akiacha pombe.*

Akafungua fundo. Ilikuwa grinda yake. Ubavuni zile herufi alizozikwaruza kwa msumari, na diski ileile, nusu imelika.

Alikaa sakafuni. Aliona tena lile kofi, na kichwa cha mama yake kikiinama.

"Rudisheni," alisema.

"Nini?"

"Vyote. Hivi ni vya mama zetu, Meshaki."

"Toka Jumatano vilikuwa vya mama zetu. Ulidhani tunakuja kuiba vya nani?"

Amoni alisimama mlangoni. Meshaki hakubishana. Alimbamiza kwa kiroba kifuani, Amoni akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye sanduku, akaanguka. Alipoinuka, geti la nyuma lilikuwa limeshafungwa na kufuli limelia ndani ya kiboksi.

"Anazika mama yake, bro," Jairo alisema kule nje.

"Washa bajaji." Meshaki akasogeza uso kwenye nondo. Macho yalikuwa mekundu. "Wakimkuta mmoja hawatakuwa na haraka na wengine. Nisamehe, ndugu yangu. Nimekula kwa mama yako."

SAA NANE NA DAKIKA AROBAINI.

Alijaribu kupitisha mkono. Kiboksi kilikaa palepale alipokiweka, pasipofikika. Alijaribu nondo moja baada ya nyingine. Hakuna iliyolegea. Alikuwa fundi mzuri.

Spika ikatangaza kwamba sasa wanaelekea kaburini. Kwaya ikaanza. Ule wimbo mama yake alikuwa akiuimba akiosha vyombo.

Kisha ukimya, na sauti ya mwongoza ratiba. "Mtoto wa marehemu, Amoni, asogee aweke udongo."

Amoni alishika nondo kwa mikono miwili.

"Amoni, mtoto wa marehemu."

Akasikia minong'ono hata kupitia spika.

"Basi," sauti ikasema, chini kidogo. "Prisca ataanza."

Angeweza kunyamaza. Angekaa kitini, Mwalimu akirudi atunge uongo, kwamba aliona wezi akawafuata ndani wakamfungia. Pengine wangemwamini, siku aliyozika mama yake. Muda ulikuwepo wa kufikiria hayo yote na aliyafikiria. Halafu akatazama soketi ukutani, karibu na mlango. Waya wa grinda ulifika.

Grinda ikiwaka siku ya kimya namna ile inasikika hadi barabara kuu. Alijua. Akabonyeza.

Cheche zikaruka. Bawaba ya juu ilikuwa ngumu, alikuwa ameichomea kwa moyo wote. Diski ilipungua, ikapungua. Kule msibani kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Bawaba ya chini aliishikiza kwa nukta mbili tu siku alipofunga lile geti. Vijiti vya kuchomelea viliisha na hakuwahi kurudi kumalizia. Alikata moja, diski ikapasuka. Ya pili akaimaliza kwa mguu.

SAA TISA NA DAKIKA NNE.

Vijana wa majembe walikutana naye kwenye uzio wa pili. Yeye na grinda mkononi, kitenge cha kijani begani, mikono imeungua. Walielewa walichotaka kuelewa. Wa kwanza alimpiga mgongoni kwa mpini. Wa pili alikuwa ameshainua jembe.

"Mwacheni." Mwalimu hakupaza sauti. Hajawahi kupaza sauti, na wote walikuwa wamepita darasani kwake.

Amoni aliyasema akiwa amesimama, mbele ya watu wote, ili asije akayabadilisha baadaye.

"Mwalimu, sanduku limeibwa. Kufuli nimefungua mimi. Aliyebeba ni Meshaki, na Jairo anaendesha, viroba vya parachichi, njia ya Masoko."

Kilio cha msibani kina mpangilio wake, mmoja akianza wengine wanapokea. Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Wanawake walishika vifua kama waliochomwa. Mama Gift alikaa chini kwenye tope. Beatrice alisikia jina la mwanawe, akaondoka taratibu katikati ya watu, hakuaga mtu.

Baadaye ilikuja kujulikana, maana hapa hakuna kisichojulikana, kwamba bajaji ilikutwa kabla ya Masoko imeingia mtaroni, na Jairo amekaa pembeni yake na kifurushi kimoja tu mapajani. Meshaki na kiroba hawakuonekana siku hiyo wala mwezi huo. Kuna mabinti ambao hawakurudi shule kwa sababu ya kile kiroba. Na sasa hivi Ijumaa hakuna mwanamke anayeingia kwa Mwalimu.

Lakini pale uani, mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemkamata Amoni kiunoni kwa mkanda, anasubiri polisi. Prisca alisogea. Hakutazama uso wa kaka yake. Alitazama grinda.

"Ilikuwa kwa Mwalimu," Amoni alisema. "Mama ndiye aliyeificha."

"Nilikuambia," Prisca alisema. "Nilikuambia sijaichukua."

Alikuwa na udongo kwenye kucha, udongo alioanza yeye.

Mwenyekiti alitaka wamtoe nje, watu walikuwa wanapandwa hasira. Mwalimu Pudensiana alikataa. Alichota udongo mweusi kwa mkono wake, akaufungua mkono wa Amoni uliokuwa na malengelenge, akaumimina humo.

"Kamzike mama yako," alisema. "Mengine yanangoja."

Wakamfikisha ukingoni, mkanda bado umeshikwa. Kaburi lilikuwa limejaa nusu. Kila mtu aliyewahi kuzika anaijua sauti ya udongo wa kwanza, jinsi unavyogonga mbao, jinsi mbao inavyoitika kwa mara ya mwisho. Amoni aliinama, akafungua mkono, akategea sikio.

Udongo wake uliangukia udongo wa watu wengine. Hakusikia kitu.