Kiti cha MGA

Fundi wa magari ya Waingereza kama Ochola hakuna, kutoka Makongeni mpaka London kwenyewe. Injini ikikohoa mara moja tu, anakwambia hata nani aliifunga. Lakini mchana huo, jua la saa saba, aliingia kwa MGB yake, kagari ka Kiingereza ka watu wawili, akapata kiti cha dereva kiko na joto la mtu, na mtu hakukuwa.

Kiti chenyewe kilitoka kwa MGA, ile iliyotangulia MGB, ya ndugu yake Ondiek. Hao wawili walibishana miaka ishirini mpaka Jogoo Road nzima ikachagua upande.

"Angalia huo mgongo!" Ondiek alikuwa akisema. "MGA ni mrembo. Yako ni friji."

"Friji iko na vioo, bro. Yako mvua ikinyesha unaoga."

Na kweli, MGA haina vioo vya kupandisha, wala kishikio cha mlango. Unapapasa ndani, unavuta kamba.

Ondiek alifia ndani ya hiyo MGA, alipogongwa na lori. Mama yao, Truphena, alitoka Siaya akasimama pale barabarani, akaiita roho yake irudi nyumbani, vile kwao hufanywa. Hakujua Ochola alikuwa ameshavuta gari, ameng'oa kiti, amekifunga kwa yake. Ochola alitaka tu kukaa pale ndugu yake alikaa.

Sasa mafuta ya nywele ya Ondiek yakanukia, halafu ndani ya mlango kukaanza kukwaruza, kwaru, kwaru, kama kucha zinatafuta kitu, zikishuka, zikipanda, zikipita juu ya goti la Ochola baridi kuliko barafu, zikirudi tena palepale, haraka zaidi, mpaka gari lote likatetemeka na ngozi ya mlango ikachanika mistari minne mbele ya macho yake.

"Toka!" Sharmarke, muuza spea wa jirani, alipiga kelele. "Hilo jini! Choma hicho kiti!"

"Sichomi. Huyo ni ndugu yangu. Amekuja kunisalimia."

Akakaa na hilo gari wiki mbili, akiongea nalo, akikonda. Mama akaitwa. Aliweka mkono kwa ile mistari, akalia.

"Hakusalimii, Ochola. Anatafuta kamba. Umemfungia mtoto wangu."

Ochola aliangalia mlango. MGB haina kamba.

"Mama, akitoka nitabaki na nani?"

Truphena alisogea pembeni ya mlango. Basi Ochola akafungua mlango, polepole, na mkono wake mwenyewe. Springi za kiti zikainuka.

"Ondiek, mwanangu, twende," mama alinong'ona.

Alitembea mpaka kwa basi la Siaya akiwa ameshika hewa, akalipia viti viwili.

"Mwenzako ako wapi, mathe?" kondakta akauliza.

"Ameshakaa."

Basi likaondoka. Ochola alibana mikono kwapani, hakupunga. Alijua akipunga tu, yule atashuka.