Turubai Lililopungua Kiganja

Mke wangu ni fundi cherehani, na hamwamini mtu. Nasema hivyo kwa upendo. Tumeoana miaka kumi na tisa, na bado akitoka kidogo, akirudi anahesabu vifungo alivyoviacha mezani. Mkasi wake mkubwa ameufunga kwenye ncha ya tepu yake ya kupimia, asije mtu akauazima akasahau kuurudisha. Mchana tepu iko shingoni. Jioni anaitundika msumarini, mkasi ukining'inia chini yake. Wateja wanamwita Mama Pini, kwa sababu pini hazimtoki mdomoni hata anapogombana.

Kazi yetu tunaifanyia kwenye karavani, yaani chumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari. Mimi naendesha, yeye anashona. Nusu ya wiki tuko kwenye uwanja mmoja wa soko, nusu nyingine uwanja wa pili. Ndani mna cherehani, meza ya kukatia na kitanda chetu. Mteja hakuwa na pa kujaribia nguo, na wengi walikuwa wanatukimbia kwa sababu hiyo.

Tukaamua kununua turubai la ubavuni. Ubavuni mwa karavani kuna reli nyembamba. Inaanzia chini upande wa mbele, inapanda, inapita juu ya mlango na dirisha, kisha inashuka nyuma. Ukingo wa turubai unaingizwa kwenye reli hiyo, turubai linasimamishwa kwa nguzo, nanyi mnapata chumba cha pili.

Fundi turubai wa mtaa wa nyuma alisema anahitaji kipimo kimoja: kutoka ardhini mbele, kufuata reli yote, mpaka ardhini nyuma. Urefu wa karavani peke yake haumsaidii. Alitaka kuja kupima mwenyewe. Mke wangu akakataa, eti hataki mtu wa kumchungulia vitu vyake. Akapima kwa tepu yake, akiweka alama ya chaki kila ilipoishia. Akaandika kwenye karatasi: sentimita 886.

Turubai likaja, la kijani, zuri. Tulipolisimamisha, kuta zake ziliishia hewani, kiganja kizima juu ya ardhi, mbele na nyuma. Upepo ukaingia, maji ya mvua yakaingia, na paka naye akaingia. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu. Alitazama chini, akaona viatu vya wapita njia, akasema yeye havui nguo penye upenyo. Akachukua kitambaa chake akaenda zake.

"Ametukatia," mke wangu akasema, pini mdomoni. "Kiganja huku, kiganja kule. Mimi ni fundi, najua kitambaa kinavyoibwa."

Sikumuuliza anajuaje. Nami nilikuwa nimeshaanza kumshuku yule bwana. Mbona alicheka sana siku tulipompa kazi? Na ule mfuko wa kijani aliobeba mke wake sokoni, aliupata wapi? Wiki ile kila kitu cha kijani nilichokiona kilikuwa ushahidi.

Kabla ya jioni muuza viatu, jirani yetu uwanjani, alikuwa ameshaambiwa. Kesho yake uwanja mzima ulijua. Watu wawili waliotaka kumpa fundi turubai kazi wakabadili mawazo. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, hilo ni pigo.

Siku ya tatu akaja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye alitusalimia vizuri, akaweka mfuko wake chini.

"Mama, nasikia mimi ni mwizi wa kitambaa," akasema. "Basi tupime pamoja. Mikono yangu itakaa nyuma. Sigusi kitu."

Kweli akaweka mikono nyuma. Mke wangu hakumwondolea macho.

Kwanza aliniambia nitoe pima maji, kile kipimo cha usawa chenye povu ndani, kwenye mfuko wake, niiweke kwenye sakafu ya karavani. Povu likakimbilia upande mmoja. Tairi lilikuwa limepungua upepo, na sisi tulikuwa hatuna habari. Nikalijaza, tukashusha miguu ya karavani mpaka povu likatulia katikati. Alieleza kwamba karavani ikiinama, upande mmoja wa reli unakaribia ardhi na mwingine unapanda, hapo kipimo kinakudanganya. Kwa hiyo unapima kwenye ardhi tambarare, matairi yamejaa.

Kisha akatuelekeza tutumie kamba isiyovutika, kwa sababu kamba inafuata kona za reli vizuri. Mimi nikashika mwanzo wake ardhini mbele. Mke wangu akaipitisha kwenye reli yote mpaka ardhini nyuma, akaikata. Tukailaza chini, tukaipima kwa tepu ya chuma ya fundi turubai. Ilikuwa 904.

Mke wangu akaipima upya kwa tepu yake. Ilikuwa 886, vilevile alivyoandika.

"Chuma chako kimekatwa mwanzoni," akasema. "Ndivyo unavyoibia watu."

"Tairi lisingeleta tofauti kubwa hivi," fundi akajibu kwa upole. "Kati ya tepu hizi, moja ni mwongo. Tafuteni shahidi mnayemwamini."

Shahidi tuliyemwamini alikuwa muuza viatu. Ana rula ya chuma ya kupimia nyayo, nikaenda kumwita. Akailaza kwenye meza ya kukatia. Tepu ya fundi ilisema thelathini pale rula iliposema thelathini. Tepu ya mke wangu ilikuwa imeshapita ukingo wa rula kabla ya kufika thelathini. Tukazinyoosha tepu mbili sambamba. Mia na hamsini yake ilikuwa mia na hamsini na tatu ya chuma.

Mke wangu akashika kichwa. "Mbona nguo zangu zinawakaa watu?"

"Kwa sababu unampima mtu na kitambaa kwa tepu hiyohiyo," fundi akasema. "Kosa linajifuta. Ila namba zako zikienda kwa fundi mwingine, kosa linaonekana." Akautazama ule mkasi. "Huu umening'inia hapo ukiivuta tepu tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Usiibwe," mke wangu akasema, akaitazama tepu yake.

Hakuna aliyecheka. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa ajili ya ule mfuko wa kijani.

"Bwana fundi, nimekuchafulia jina," akasema. "Uongo wameusikia kwangu. Na ukweli watausikia kwangu."

Akatoka saa ileile. Alipita meza kwa meza, uwanja mzima, nami nyuma yake, akieleza habari ya tepu na mkasi. Wale wateja wawili wa fundi aliwafuata mpaka walipokuwa. Mmoja alirudi kwa fundi, mwingine bado anajifikiria.

Fundi aliongeza kipande chini ya turubai. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimemwishia, akaweka cha manjano. Sasa kuta zinafika ardhini, na wateja wanajaribu nguo bila wasiwasi. Yule mwalimu amerudi, na wengi wanauliza hicho cha manjano ni cha nini. Mke wangu anawaeleza wote, kuanzia mwanzo. Ana tepu mpya, na kila mwezi anailinganisha na rula ya muuza viatu. Mkasi una kamba yake.

Juzi fundi turubai alikuja kushonewa suruali. Mke wangu akamsogelea na tepu. Yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Subiri kidogo, mama," akasema, akatoa chuma chake mfukoni. "Ilete kwanza niione."

Mke wangu, Mama Pini yuleyule asiyemwamini mtu, akaivua tepu shingoni akampa. Fundi akailinganisha na chuma mpaka mwisho. Akaitazama tena kwa karibu. Kisha akairudisha, akanyanyua mikono, akapimwa.