Aliyemfuta Mama Mkwe

"Makala hii imefutwa," shangazi alisoma kwa sauti, shingo kaivuta kuelekea televisheni. "Sababu: haina vyanzo, na mwandishi ni ndugu wa mhusika. Aliyefuta: Miwani."



"Miwani ndiyo nani tena?" shangazi akauliza.

Wengine wote walikuwa wameshageuka kumtazama mwenye jina hilo. Mwenyewe alikuwa kwenye kochi, sahani ya keki mapajani, shati jeupe limepigwa pasi hadi kola imesimama. Kazi yake ni fundi wa miwani, na jina la kazi lilikuwa limeshakuwa jina lake. Alikuwa mchumba wa binti wa nyumba ile, na harusi ilikuwa mwezi unaofuata.

Binti alikuwa kasimama kando ya televisheni na rimoti mkononi. Yeye anaendesha kreni kwenye majengo, siku nzima yuko juu kuliko ghorofa wanazojenga, ndiyo maana wenzake wakambatiza Kipanga. Ni mwanamke asiyeogopa kitu. 

"Ni wewe?"

"Kipanga, twende nje tuongee."

"Nimekuuliza, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umemfuta mama yangu?"

"Nimefuta makala."

"Siku yake ya kuzaliwa! Mbele ya ukoo mzima!"

"Sikujua kama ungeionyesha leo. Niliifuta asubuhi, nikasema sherehe ikiisha nitakwambia taratibu."

"Kwa hiyo umekuja hapa, umemshika mama mkono, umekula keki yake, na moyoni unajua umemfuta?"



Sasa ngoja niwaeleze, maana najua kuna mtu anauliza makala gani tena hiyo ya kuvunjia uchumba. Hawa wawili wanaandika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza anachokijua, na wala hawalipwi. Humo kuna kila kitu chini ya jua. Kipanga akiwa kule juu anasubiri zege lifike, anatoa simu na kuandika. Ameandika kuhusu konokono, vimondo, ugonjwa wa surua, historia ya sabuni, na jinsi daraja linavyobeba uzito. Miwani naye ni mkabidhi, yaani wenzake wamempa mamlaka ya kufuta kurasa zisizofaa na kulinda zinazofaa.

Tena walikutana humo humo. Miwani alimbandikia yule konokono alama ya kudai vyanzo, Kipanga akaja juu, wakabishana wiki nzima kwenye ukurasa wa majadiliano, mpaka mwandishi mmoja akachoka akawaandikia: "Jamani, oaneni basi, mtuachie konokono wetu." Wakacheka, wakapeana namba za simu, na mengine mnayajua.

Kanuni za kule wote wawili wanazijua. Usiandike kuhusu ndugu yako. Usiandike jambo ambalo halijaandikwa gazetini au kitabuni na mtu mwingine. Kipanga alivunja zote mbili kwa mpigo, na alifanya hivyo macho makavu, kwa sababu ya mama yake.

Mama huyo alikuwa refa. Alichezesha mpira wa wanaume enzi ambazo viwanja havikuwa hata na chumba cha mwanamke kubadilishia nguo, akawa anabadilishia ndani ya gari la wagonjwa lililoegeshwa nyuma ya goli. Alitukanwa na majukwaa mazima, na hakuwahi kuondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Kipanga alikua akimwona mama yake anapiga kiwi viatu vile vyeusi kila mwisho wa wiki. Alitaka dunia imjue. Nani asingetaka?

Kipanga alivua pete, akaiweka kwenye sahani ya Miwani, katikati ya keki.

"Nenda."

"Kipanga..."

"Nenda na kanuni zako. Ukafunge nazo ndoa."

 Mama mwenye sherehe alimsindikiza Miwani kwa macho mpaka mlangoni, akarudi kukata keki.

* * *

Kesho yake simu ya Kipanga haikutulia.

"Nisamehe kwa kukuaibisha mbele ya watu. Naomba tuonane."

Ukafuata ujumbe mwingine.

"Kipanga, hata angekuwa mama yangu mimi ningemfuta."

Hiyo ndiyo iliyomchefua zaidi. Akajibu:

"Ndiyo maana siwezi kuishi na wewe. Nikikosea ndani ya nyumba utanifuta na mimi?"

Akaizima simu, akaenda jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi, baba anasoma gazeti mezani.

"Mwanangu, umenuna mpaka viazi vinaogopa kuiva," mama akasema.

"Mama, wewe hukasiriki? Amekufuta!"

"Mimi si nipo hapa namenya viazi?"

"Mama, sitanii."

"Haya, nikuulize. Uliyoyaandika yalikuwa ya kweli?"

"Yote!"

"Uliandika kwamba sikuwahi kukosea penalti hata moja."

"Si wewe mwenyewe ulisema?"

"Nilisema hivyo mimi, mama yako, nikijisifu mbele ya watoto wangu."

Baba akashusha gazeti. "Alikosea nyingi tu. Na kadi nyekundu pia."

"Wee mzee, usianze."

"Naanza. Binti yangu, unajua mama yako alinipa kadi nyekundu tukiwa wachumba? Nusu fainali! Mimi beki, timu inanitegemea, yeye ananinyanyulia kadi mbele ya uwanja mzima."

"Ulimpiga mtu kiwiko."

"Sikumpiga. Yeye aliuleta uso kwenye kiwiko changu."

Kipanga akacheka bila kutaka. "Baba, na ukamuoa?"

"Nilinuna mpaka mvua zikaanza. Halafu nikajiuliza, wanawake wangapi wangethubutu?" Akapandisha gazeti lake juu, lakini meno yalikuwa nje.

"Yenu ni tofauti," Kipanga akasema. "Baba aliiona kadi. Mimi nimeiona kwenye televisheni, pamoja na shangazi."

Mama akaacha kumenya. Hilo hakulipinga.

* * *

Siku iliyofuata mama alikwenda dukani kwa Miwani. Alimkuta kainama kwenye mashine ya kuchongea vioo, macho mekundu, na si kwa vumbi la vioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fremu hii inanibana pua, itazame."

Miwani akaipokea kwa mikono miwili. Akaipasha moto kidogo, akaanza kupanua vishikio vya puani.

"Makala yangu," mama akasema. "Uliifuta kwa haki?"

"Ndiyo, mama. Haikuwa na chanzo hata kimoja. Na ningeiacha, watu wangesema mkabidhi anapanga wakwe zake kwenye kamusi kama picha ukutani."

"Kwa hiyo ungerudi siku ile, ungefuta tena?"

"Ningefuta, mama."

"Vizuri. Ungeniambia vingine ningejua unanidanganya."

Uso ukamchanua. "Kwa hiyo mama uko upande wangu?"

"Sijamaliza. Mimi nimewatoa wanaume wengi uwanjani, pamoja na baba yake. Kila niliyemtoa nilimfuata mpaka aliposimama, nikamtazama usoni, nikanyanyua kadi juu, kila mtu akaona. Akitaka kunitukana, nipo pale pale. Wewe kadi umeitoa umejifungia humu dukani, halafu ukaja nyumbani kwangu kula keki."

Miwani akainamisha kichwa.

"Niliogopa, mama."

"Kumuogopa binti yangu si kosa, hata baba yake anamuogopa. Kosa ni kumficha. Mwanamke anaweza kuishi na mtu mgumu. Lakini aishi vipi na mtu ambaye kila siku inabidi amchungulie amefanya nini nyuma yake?"

Akavaa miwani yake, akaigusa puani, ikakaa sawasawa.

"Unajua kazi," akasema, akaondoka.

* * *

Wakati huo shangazi alikuwa ameshaitangaza habari kila mahali. Mkwe aliyemfuta mama mkwe! Habari ikafika kwenye gazeti la michezo, mwandishi akaja nyumbani kumhoji mama, akaenda na kwa wachezaji aliowachezesha. Wengine walimsifu, wawili wakasema bado wana hasira naye. Gazeti likatoa ukurasa mzima, na picha ya mama na filimbi mdomoni.

Haikupita wiki, mtu asiyemjua Kipanga wala Miwani akaandika makala mpya kuhusu refa yule. Akaweka gazeti kama chanzo. Mwingine akahoji kama gazeti moja linatosha, jambo likapelekwa kwenye ukurasa wa majadiliano: ibaki au ifutwe? Watu wakaanza kutoa maoni. Mmoja akaingia maktaba, akatoka na magazeti ya zamani yenye ripoti za mechi zake, na penalti mbili alizokosea zikiwemo.

Lakini uamuzi wa mwisho hutolewa na mkabidhi, na aliyekuwa zamu alikuwa Miwani. Wote wakawa wanamngoja yeye.

Kipanga alikuwa kule juu, zege halijafika, ameufungua ukurasa ule na hataki hata kupepesa macho. Alijiapia kwamba Miwani akifuta mara ya pili, jina lake halitatajwa tena nyumbani kwao. Na akiiacha ili ajipendekeze, hilo nalo angeliona, na lingemuuma vibaya zaidi.

Ujumbe ukatokea.

"Mimi sitaamua hapa, na ninaomba mkabidhi mwingine aamue. Mhusika ni mama wa mwanamke ninayetaka kumuoa, kama bado ananitaka. Makala ya kwanza niliifuta mimi. Kuifuta sikukosea. Nilikosea kwa kumficha mchumba wangu, nikaenda kukaa kwao kana kwamba hakuna kitu. Kwa woga ule nilimvunjia heshima, na naandika hapa kwa jina langu ili kila mtu aone. Mama huyu simwandikii wala simfuti. Ila kumheshimu hakuna kanuni inayonikataza."

Kipanga akasoma. Akarudia. Machozi yakamtoka kule juu peke yake, hakuyafuta. Alikuwa anajivunia mtu ambaye siku zote zile alijitahidi kumchukia.

Akapiga simu.

"Kipanga?"

"Umeandika mbele ya dunia nzima kwamba umekosa."

"Nimeandika."

"Na bado unasema kufuta ulikuwa sawa."

"Bado nasema."

"Kichwa kigumu wewe."

"Najua. Umekasirika?"

 Upepo ulikuwa unapiga vioo vya kibanda cha kreni.

"Na mimi nina la kusema," Kipanga akasema. "Kanuni nilizijua. Niliandika nikijua. Nilisema moyoni, kama kweli ananipenda atafumba macho."

"Kipanga, mimi kufumba macho..."

"Huwezi. Nimeshaelewa. Ungefumba leo kwa ajili yangu, kesho ungefumba kwa ajili ya mwingine. Ila nisikilize vizuri. Siku nyingine ukinipinga, uje unitazame usoni. Nitapiga kelele, nitanuna, labda nitakutupia kitu. Uje hivyo hivyo."

"Nitakuja."

"Hata ukiogopa?"

"Hasa nikiogopa."

"Pete yangu iko wapi?"

"Ninayo mfukoni. Nimeiosha keki yote."

Kipanga akacheka kwa nguvu, mafundi wa chini wakainua vichwa kutafuta kuna nini huko juu.

"Basi ilete jioni nyumbani," akasema. "Upite mlango wa mbele, mama na baba wawepo, na shangazi nitamwita mwenyewe."

* * *

Makala ilibaki, kwa uamuzi wa mkabidhi mwingine, na Miwani hajaigusa hata nukta mpaka leo. Harusi nayo ilifanyika mwezi ule ule uliopangwa. Ukumbi ulijaa marefa waliostaafu, mafundi wa ujenzi na waandishi wa kamusi waliokuwa wanaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza, wakibishana mezani kuhusu vimondo.

Ulipofika wakati wa wazazi kutambulisha watu wao, mama alisimama na kipaza sauti. Hakuwa na karatasi. Alimshika Miwani mkono, akamvuta mbele, watu wote wakimwona.

"Mnamsikia tu kwa jina, sasa mtazameni," akasema, kidevu juu. "Huyu ndiye aliyenifuta. Ni mwanangu."